Vikombe Vitatu kwa Watu Watano

Mwanangu Tusajigwe,

Sitakuandikia habari za koti wala za dawa ya tumbo. Koti umeshalikunja, dawa nimeitia mwenyewe kwenye mfuko wa pembeni wa begi, na hata nikikuambia ule mapema, utakula saa utakayo. Mambo hayo nitakupigia simu kukuambia mpaka unichoke. Hapa nina jambo jingine, na tangu ulipotoka kwenda kula na wenzako kule Xiaobei nimekaa mezani na kuinuka sijui mara ngapi. Nimepiga pasi mapazia. Mapazia, Tusa! Nimeyashusha, nimeyapiga pasi, nimeyarudisha, na kila lifti inapolia pale nje naficha karatasi chini ya kitambaa cha meza kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Nianze na chai, maana chai ndiyo iliyotugombanisha.

Unajua nimezaliwa Tukuyu, kwenye mvua na chai. Ukitoka mlangoni kwa bibi yako, kulia chai, kushoto chai, na mbele ukungu. Bibi yako aliichuma mpaka vidole vikawa vyeusi, sabuni ikavishindwa. Lakini kuinywa? Ile nzuri ilipanda malori ikaenda zake, sisi tukabaki na vumbi, tukalichemsha na maziwa na sukari mpaka mtu anajiuliza kama ni chai au ni uji. Na kwetu ukimwambia mtu "karibu chai" hujamwita kunywa, umemwita kula. Kuna viazi, kuna ndizi za kuchemsha, kuna maharage ya jana. Kumpa mgeni chai kavu ni kumwonyesha njia ya kutokea. Jambo jingine, kila mgeni ana kikombe chake. Vikipungua, mtoto anatoroshwa mlango wa nyuma kwenda kuazima kwa jirani, na mwenyeji anapiga soga kwa nguvu ili mgeni asijue. Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nimekimbia na vikombe vya watu kwenye matope mara nyingi, naijua aibu ya kikombe kupungua kuliko ninavyozijua amri kumi.

Ndiyo maana nilipofika Guangzhou, chai yao ya asubuhi niliielewa siku ile ile. Na wao wakisema twende tukanywe chai, wanakwenda kula. Buli kubwa katikati ya meza, vikapu vya mianzi vinatoka moshi, miguu ya kuku, kaimati za kamba, wazee na magazeti yao, wajukuu chini ya meza, kelele za sokoni. Kila mtu ana bakuli lake na kikombe chake, na anavisuuza mwenyewe kwa chai ya kwanza kabla ya kula. Ukitaka maji unakilaza kifuniko cha buli ukingoni, mhudumu anaelewa. Ukimiminiwa unagonga meza kwa vidole viwili, basi umeshashukuru, endelea kutafuna. Nilijifunza hayo upesi nikajiona mwenyeji. Nikiwapeleka wanunuzi wapya kutoka Mbeya, nilikuwa nagonga ile meza kwa madaha kama niliyezaliwa pale.

Kwa hiyo Laoban Lin, bosi wako mpya, alipokuja na mama yake kutoka Chaozhou kuniona, mimi mama wa binti watakayemwajiri kwenye kiwanda chao cha vyombo vya kauri, niliwapeleka huko. Jumamosi ile asubuhi, si unakumbuka? Nilivaa kitenge kipya. Nilimimina, nikasuuza, nikagonga, nikapigania kulipa nikashinda. Yule bibi alikunywa chai kidogo tu akaiangalia, akamwambia mwanawe kitu kwa lugha yao, mkacheka. Ulinitafsiria: "Anasema ni maji ya moto yenye habari za chai." Nilicheka na mimi, lakini lilinichoma. Nikasema moyoni, huyu bibi mgeni wangu na ananidharau mezani kwangu.

Nilipanda zile ngazi za ofisi yao ndogo ya Sanyuanli mchana wake nikiwa tayari nimekasirika. Hilo sikukuambia. Wewe ulidhani hasira ilianzia juu. Ilianza na yale maneno ya bibi mezani asubuhi, na kabla ya hapo ilianza siku uliyoniambia kwamba hutaki kurudi Mbeya kukaa dukani na baba yako, unataka Chaozhou. Mimi nilikuwa nimeshakupangia duka, Tusa. Nilikuwa nimeshaiona hata rafu utakayoipaka rangi.

Tukakaa. Watu watano: Laoban Lin, mama yake, dereva wao, wewe na mimi. Na bibi akatoa sinia dogo lenye matundu, kibuli cha udongo kinachoenea kiganjani, na vikombe. Nikahesabu. Vitatu. Vidogo kama vya kuchezea watoto. Nikasubiri vingine viletwe. Havikuja. Akaloweka majani, akamwaga maji ya kwanza, akaloweka tena, akazungusha kibuli juu ya vile vikombe mduara kwa mduara, tone kwa tone, kisha akasukuma sinia mbele yangu na kuniashiria kwa mkono.

Sasa hapo sikiliza upande wangu, maana hujawahi kuusikia. Kwetu mgeni mwenye adabu hajichukulii. Mwenyeji anakupa kikombe mkononi, na wewe unapokea kwa mikono miwili. Nikasubiri kupewa. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa kidogo, kama mtu asiye na njaa. Wao wakadhani nimewapisha. Laoban Lin akachukua kimoja, dereva akachukua kimoja, wakakusukumia wewe cha tatu, ukakichukua. Ukakinywa! Mimi na yule bibi tukabaki tunatazamana mikono mitupu. Nilikuangalia uniangalie. Hukuniangalia, ulikuwa unanusa kikombe kitupu kama walivyofanya wao.

Halafu bibi akakichukua kikombe chako akakimwagia maji yanayochemka.

Hukuwahi kuniuliza nilimwona nani pale. Nilimwona mwenye kibanda mmoja wa tambi, mwaka wangu wa kwanza hapa, kabla hujaja. Nilikuwa nimekunywa maji kwenye glasi yake. Nilipoondoka nikageuka kwa sababu nilisahau mwavuli, nikamkuta ameishika ile glasi kwa karatasi, kwa ncha za vidole, anaitupa kwenye pipa. Glasi nzima, haina ufa. Sikuchukua mwavuli. Nilirudi hoteli nikiwa nimelowa na sikumwambia mtu, hata baba yako. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nimeshtuka kwa miaka, mwanangu, kwa teksi zisizosimama, kwa viti vya metro vinavyobaki wazi kila upande wangu. Kwa hiyo nilipoona yale maji ya moto yanamwagwa pale ulipoweka mdomo wako, mdomo niliounyonyesha, nilisimama.

"Tusa, twende."

"Mama, kaa."

"Nimesema twende!"

"Mama, tafadhali. Kaa kwanza."

Laoban Lin akainuka, "Dajie, dajie, chi cha!" akiniita dada mkubwa ninywe chai, akinionyesha sinia. Nikamwambia "Bu yao," sitaki, kwa sauti ile ninayoitumia kule Xintang muuza jinzi akinipandishia bei. Nikashuka ngazi. Nilikuwa na hakika utanifuata. Nilisimama chini kwenye lango nikijifanya natafuta simu kwenye mkoba. Hukushuka.

Uliporudi jioni hukunigombeza, na hilo liliniudhi zaidi. Ulivua viatu, ukakaa hapa hapa nilipokaa sasa, ukanieleza taratibu kama unavyomweleza mteja. Kwamba Chaozhou vikombe ni vitatu hata wakija watu kumi. Kwamba wanakaribishana, wewe kwanza, hapana wewe, na anayemimina hunywa mwisho. Kwamba vikombe vyote husuuzwa kwa maji ya moto kila duru, cha bosi pia, cha dereva pia.

"Alikimwagia maji cha Laoban Lin kabla ya changu, mama. Uliona changu tu."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Basi nenda kwa watu wako wanaonyonyana vikombe."

Ukasema, "Mama, umeishi hapa miaka yote hii na hujawahi kukaa na mtu."

Ndipo nikatamka lile neno. Nalirudia hapa kwa sababu sitaki tujifanye halikutoka. Nilisema: ukienda, nenda, lakini radhi yangu huna.

Wiki nzima tumepishana humu ndani kama wapangaji. Umepika, nimekula. Nimefua, umeanika. Naona unavyoniangalia mgongoni ninapoosha vyombo. Hukulia mbele yangu, na bafuni ulifungulia maji. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, mwanangu.

Ulisema kweli. Sijakaa. Kila kiwanda nilichoingia Xintang, kila ofisi ya mizigo, mtu alivuta kiti akaniambia chai, nami nikajibu sina muda, kontena linafungwa. Wakati mwingine kweli lilikuwa linafungwa. Mara nyingi nilikuwa naogopa kuishika glasi halafu nigeuke tena. Hofu hiyo niliiita haraka, nikaiita kazi, na watu wa nyumbani wakanisifu: Mama Tusa mchapakazi, hapotezi dakika. Ni kweli sikupoteza dakika. Lakini katika mji huu wote, ukiniuliza mtoto wa jirani wa mlango wa pili anaitwa nani, sijui.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Jumatano nilikwenda Sanyuanli peke yangu.

Nilizunguka lile jengo mara mbili kwanza. Nilinunua machungwa, nikaona hayatoshi, nikaongeza. Nilipogonga, dereva alinifungulia, akaangalia machungwa, akatoka kuvuta sigara. Laoban Lin alikuwa kwenye mikutano yake. Bibi alikuwa peke yake na sinia lake, anakunywa. Aliponiona, akakimimina kibuli chote, akayakomba majani yaliyokuwamo akayatupa. Nikajisemea haya, ameniona mimi, chai imekwisha. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka kuelekea mlangoni, nakuapia. Lakini nikaukalisha. Nikaona anafungua pakiti nyingine na kuweka majani mapya. Kumbe mgeni mpya hapewi majani yaliyokwisha nguvu! Niseme tu kwamba nusura nimkosee mwanamke huyu mara ya pili kwa kunifanyia heshima.

Kichina chake kibovu kama changu, kwa kuwa wao wana lugha yao kabisa, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nilimwita ama, yaani bibi, kama nilivyokusikia ukimwita. Tulikuwa wawili, na bado akapanga vikombe vitatu. Nikachukua kimoja mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaungua vidole, akacheka akanionyesha nishike ukingoni. Chai yenyewe, Tusa, kali! Ikauma ulimi kama dawa ya mti. Nikaimeza kwa adabu, na nilipokuwa natafuta neno la kuisifia kwa uongo, utamu ukapanda kutoka kooni, bila sukari, wenyewe, nikiwa nimeshaweka kikombe chini. Sikuwa nimeombwa kusubiri kitu chochote kinywani tangu niache kuwa mtoto.

Kisha kikabaki kile cha tatu. Akanisukumia. Nikamsukumia. "Ama, wewe." "Wewe, wewe." Kikapoa tukiwa tunabishana, akakimwaga, akamimina upya, tukaanza tena. Kama nyama ya mwisho kwenye sahani ya wakwe. Tulicheka mpaka dereva akachungulia.

Akaniuliza unakula nini. Nikamwambia unakula kila kitu isipokuwa samaki mwenye macho. Akafikiri, akasema, "Kwetu samaki wote wana macho." Basi jiandae.

Halafu nikajitahidi kumwomba msamaha kwa siku ile. Alipunga mkono. Akaniambia kwamba nilipoondoka wewe ulisogea kwenye sinia, ukavimwagia maji ya moto vikombe vyote, ukamimina duru iliyofuata mwenyewe, chai nyingine ikamwagika nje. Laoban Lin alikuuliza kama mama amekataa. Na wewe ukasema, "Mama yangu amechoka."

Basi. Nilikuwa nimekuaibisha mbele ya watu watakaokupa mkate, na neno ulilonisemea ni kwamba nimechoka. Nilitoka pale nikashuka ngazi nikilia, na teksi ya kwanza niliyoipungia ikasimama, dereva akanipa karatasi za kujifutia machozi. Hata hasira za teksi nikanyimwa siku hiyo.

Usiniulize chai ipi ni bora. Sikudanganyi, mpaka leo roho yangu iko kwenye ile ya hapa, yenye vikapu na kelele. Ina kikombe changu mwenyewe na chakula cha kushika, na mtu anaweza kukaa mezani mpaka saa sita bila kumtazama mwenzake usoni. Ya kwao haikuachii hivyo. Ukinywa, kuna mtu amekuona unakunywa naye hajanywa. Huwezi kuinywa mbio, huwezi kuinywa ukiwa umeshika mkoba. Nimekaa nafikiri jinsi ambavyo ningeweza kuwa mtu mwingine kama ningefikia Chaozhou kwanza, halafu nikajicheka. Ningetoka nje siku ya kwanza vile vile.

Lakini sitakuambia kwamba nilikosea kila mara. Ile glasi ilitupwa kweli. Nawe siku moja utakaa mahali ambapo kikombe kitapungua, na kitakuwa kimepungua kwa sababu yako. Natamani ningekuwa na kipimo cha kukupa ili utofautishe. Sina. Nilichonacho ni hiki tu: duru ya kwanza usiihukumu, ngoja ya pili. Ikifika ya tatu na mikono yako bado mitupu, inuka, shuka ngazi, usijifanye unatafuta simu kwenye mkoba. Nipigie. Nitakuja na treni ya mapema nikiwa na hasira zangu zote, na siku hiyo zitakuwa na kazi.

Limebaki lile neno, na ndilo linaloniinua kwenye kiti.

Unajua kwetu radhi haifutwi kwa karatasi. Nilipoondoka mara ya kwanza kuja huku nikakuacha kwa bibi yako ukiwa unatambaa, alinikasirikia akanyamaza. Hakunitukana, alinyamaza tu, akaendelea kupepeta mchele. Nikapanda gari na ule ukimya wake, na mwaka ule kila nilichoshika kilivunjika. Niliporudi alinikalisha kwenye kigoda. Akasema hasira zake zote, moja baada ya moja, hata za nilipokuwa msichana, bila kubakiza, kwa sababu kwetu mzee akibakiza hasira tumboni maji hayafanyi kazi. Alipomaliza akapiga funda la maji, akanipulizia kifuani. Baridi! Nikapiga kelele. Akasema haya, sasa nenda. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, lakini kwetu ni maji hayo hayo yanayozoa maneno.

Wiki hii nimeshika kikombe cha maji nyuma ya mlango wa chumba chako mara mbili, nikarudi jikoni nikayamwaga, kwa kuwa tumbo lilikuwa bado limejaa. Sasa nimeandika zote. Ya bibi na maji yake ya moto, imekwisha. Ya wewe kutoshuka ngazi, imekwisha. Ya duka la Mbeya, imekwisha, baba yako ataipaka rangi ile rafu. Nimejipapasa nikaona imebaki moja, kubwa, iliyokuwa imejificha nyuma ya vikombe. Nimekasirika kwamba unaondoka. Hakuna kosa la mtu humo. Nilikupata nikakuacha, nikakuleta ukiwa na miaka kumi na mbili unaniamkia shikamoo kama mgeni, ndiyo kwanza tumezoeana, na wewe unaondoka. Nimeisema. Imetoka.

Barua hii naitia kwenye begi lako chini ya koti, utaikuta ndani ya treni. Kwa hiyo utakapoisoma utakuwa umeshajua kwa nini leo hukuitikiwa salamu mlangoni, na kwa nini uliingia nyumbani mkavu ukalala na blauzi imelowa.

Lifti imelia. Hizo ni hatua zako. Nimeshapiga funda, siwezi kusema kitu, naandika tu. Mashavu yamejaa. Unatafuta ufunguo.

Njoo karibu, mwanangu.